Dola 240 za kukalishwa mbele ya shimo: safari yangu ya kutazama Baja 1000

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu akisikia nimekwenda kutazama Baja 1000, zile mbio za magari na pikipiki za jangwani kwenye rasi ya Baja California, Meksiko. Dola 240 kwa kichwa: usafiri wa kwenda na kurudi kutoka San Diego, usiku mmoja wa hoteli katika mji wa Ensenada, milo minne, na kitu ambacho tangazo lao lilikiita "sehemu yetu ya siri, karibu kabisa na patashika". Tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Bukavu, kwa hiyo zilitoka 480. Kampuni siitaji jina. Ni ndogo, ina magari mawili na madereva wawili, na sina shaka wapo wengine wanaofanya biashara hiyohiyo kwa namna hiyohiyo. Naandika kwa ajili ya yeyote aliyeko City Heights, Los Angeles au Phoenix anayepiga hesabu za kushuka Meksiko mwezi wa Novemba.

Mnijue kidogo ili mpime maneno yangu. Ni fundi pikipiki. Ufundi nimejifunza Lushoto kwenye Boxer na TVS za bodaboda, sasa niko kwenye gereji moja ya El Cajon ambako nusu ya wateja wetu ni wale wanaopeleka pikipiki jangwani wikendi na kuzirudisha Jumatatu zimejaa mchanga mpaka kwenye boksi la hewa. Mbio za vumbi nazipenda. Baja nilikuwa naisikia tu kwa wateja, nikawa na hamu nayo miaka minne mizima. Kwa hiyo sikwenda kule kutafuta kasoro.

Usafiri: hapo sina la kusema, walikuwa vizuri. Gari lilifika dakika tano kabla ya muda, kiyoyozi kinafanya kazi, dereva mtaratibu. Mpakani tulishuka kujaza fomu ya uhamiaji. Kwa wenzangu wenye pasipoti za kwetu: ukiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani huhitaji viza ya Meksiko, ila beba pasipoti na kadi vyote viwili, na usiviache hotelini. Kutoka Tijuana mnashika barabara ya kulipia inayopita kandokando ya bahari, kama kilomita 100 hivi hadi Ensenada, vituo vitatu vya malipo. Ukikaa upande wa kulia unaona bahari karibu njia nzima. Shemeji alilala. Nilimwamsha mara mbili aone, akaangalia, akalala tena.

Kiongozi wetu alikuwa kijana msemaji, na historia anaijua. Alitueleza mbio za kwanza za mwaka 1967, Tijuana hadi La Paz, Vic Wilson na Ted Mangels wakashinda kwa kigari chepesi cha Meyers Manx kwa saa 27 na dakika 38. Akaeleza kwamba njia hubadilika: miaka mingine watu wanashuka rasi yote hadi La Paz, miaka mingine wanazunguka na kurudi Ensenada walikoanzia. Yetu ilikuwa ya kuzunguka.

Kisha akafika kwa Kurt Caselli. Huyu alikuwa mwendeshaji Mmarekani wa timu ya pikipiki za KTM, aliyefariki Novemba 2013 akiwa anaongoza, mwisho wa mbio ukiwa karibu. Kiongozi akashusha sauti, akasema, "Walimtegea." Gari zima likanyamaza. Mimi nimezungukwa na watu wa mchezo huu kutwa, na nilijua kwamba uvumi wa mtego ulienea siku ileile, lakini baadaye timu yake ikasema ushahidi unaonyesha aligonga mnyama. Nikamwambia hivyo, kwa adabu. Akacheka, akasema, "Basi kaka, hadithi inanoga zaidi hivi." Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.

Ensenada yenyewe nendeni hata bila mbio. Siku moja kabla ya kuanza, barabara ya ufukweni hufungwa, magari na pikipiki zinasukumwa polepole katikati ya watu kwenda kukaguliwa. Watoto wanaomba stika, wanaume wanapiga picha shokapu. Nilisimama karibu na lori moja la mbio nikainamia chini ya bodi lake hadi mwenyewe akaniuliza kama nataka kulinunua. Taco za samaki mtaani ni moto, kabichi, pilipili, ndimu, unakula umesimama. Neno moja kwa Waislamu wenzangu: maharage ya kule mengi yanakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na mikate yao ya ngano vilevile. Uliza "manteca", ndilo jina la mafuta hayo. Ukiona muuzaji anaitikia kwa furaha, rudi kwenye samaki. Burito za kampuni asubuhi zilikuwa na nyama kavu ya ng'ombe na mayai, nikauliza mkate umekandwa na nini, hakuna aliyejua, nikala ndizi. Choo: hakuna. Watu kumi na wawili, muda wa saa tisa porini, hakuna choo. Kwenye tangazo walisema kipo.

Sasa shimo.

Kuna jambo moja ambalo asiyelijua ataona nakuza mambo. Njia ya Baja 1000 inatangazwa mapema, na waendeshaji hushuka wiki kadhaa kabla kuipita wakiisoma. Wanajua jiwe lile liko wapi, korongo lile unaingia kwa gia gani, wapi kuna lile vumbi laini kama unga wa sembe linalomeza gurudumu. Siku ya mbio mtu hasomi tena, anakumbuka. Anapita kwa kasi ambayo macho peke yake hayawezi kuihudumia, hasa usiku, na pikipiki zinaachiwa gizani, saa nyingi kabla ya malori makubwa. Shimo la Mungu analijua. Shimo la jana usiku hana habari nalo.

Na watu huchimba. Si siri, kila mteja wangu aliyekwenda Baja ana simulizi yake. Wanachimba mtaro, wanajenga kilima cha kurusha gari, wanaziba kijito ili maji yajae, wanageuza mshale wa njia ukaelekea kwenye miiba. Wanakaa pembeni na bia wakisubiri. Ndiyo maana waendeshaji wazoefu wana kanuni moja: ukiona watu wengi wamekusanyika mahali pasipo na kijiji wala kona, punguza mwendo, hawakuja kutazama mandhari.

Tuliondoka hotelini usiku wa manane, tukashika barabara kuu namba 3 kupita Ojos Negros, tukaelekea Valle de Trinidad, kisha dereva akaingia porini. Baridi kali. Watu hudhani jangwa ni joto tu, bebeni sweta. Tulikuta vijana wa kule wamewasha moto, na kiongozi akasalimiana nao kwa majina. Viti vyetu vikashushwa, vya turubai, vyenye kishimo cha kikombe mkononi. Wakavipanga kwa safu, kwa uangalifu, wakavigeuza vyote kidogo kushoto.

Ilipofika saa kumi na moja nikachukua chupa ya maji na kikoi, nikatafuta mahali pa kusali mbali na moto na bia. Kibla huku ni kaskazini ukivutia mashariki kidogo, kwa hiyo nikapanda kufuata njia ya mbio yenyewe, nikiwa pembeni yake, hadi karibu na mwinuko. Nikiwa narudi ndipo nikasikia chepe. Ile sauti ya chepe kwenye kokoto huwezi kuifananisha na kitu kingine.

Vijana watano, chepe mbili, sururu moja. Mtaro ulikuwa umekwisha, wanamalizia kuuficha: matawi ya vichaka juu, kisha vumbi linanyunyizwa kwa mkono, taratibu, kama mtu anayemwaga unga juu ya chapati. Nikawamulika. Wakacheka bila haya. Mmoja akanionyesha simu yake na kuigonga kwa kidole: picha.

Walipoondoka nikapima. Ufundi ni ugonjwa. Upana hatua moja na nusu, kina hadi gotini kwangu. Gurudumu la mbele la pikipiki hizi ni la inchi 21, na shokapu zake zinabonyea kama milimita 300 hivi. Goti langu ni zaidi ya hapo. Nikahesabu hatua kutoka kilele cha mwinuko hadi ukingo wa mtaro: kumi na moja. Mtu anayekwenda kilomita 100 kwa saa anakula mita 28 kwa sekunde. Akitokeza pale juu, taa yake kwanza inamulika anga, kisha inashuka chini, na ikishuka tayari yuko ndani.

Nikarudi kwa kiongozi.

"Bwana mdogo, lile shimo mnalijua?"

"La wenyeji lile. Kila mwaka huchimba. Sisi hatuingilii mambo ya watu."

"Na viti mbona vimegeuzwa kulitazama?"

Akaviangalia viti kana kwamba anaviona mara ya kwanza. "Pana mwonekano mzuri upande ule."

Ndani ya gari kulikuwa na redio, imewashwa kwenye masafa ya 151.625, yale ya Weatherman, ambako kwa miaka mingi mtu amekuwa akikaa juu ya mlima na kupokezana taarifa: nani kaharibikiwa, wapi panahitajika daktari, wapi pana hatari. Redio hiyo ilikuwa moja ya vitu walivyovisifia kwenye tangazo. Nikamwambia, basi toa taarifa, sema maili fulani pana mtaro. Akasema redio yao ni ya kusikiliza tu. Pengine kweli. Ila mikrofoni niliiona, imening'inia kwenye ndoano yake.

Pikipiki nyingi hazina redio hata hivyo. Taarifa ingewafaa wenye malori baadaye. Kwa hawa waliokuwa wanakuja sasa hivi ilibaki miguu tu. Shemeji alikuwa amejikunyata kitini na blanketi. Nilipomweleza akakaa kimya, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Bale batu banacheza na maisha ya mutu," akasimama. Nilikuwa na koti langu la reflekta la kazini. Tukapanda hadi upande wa pili wa mwinuko, yeye na tochi ya simu, mimi na koti, tukaenda mbele kama mita mia mbili.

Kuna kitu sikukifikiria. Mwendeshaji hamwamini mtu anayepunga mkono. Wapo wanaopunga kushangilia, wapo wanaopunga kukupoteza. Kwa hiyo unasimama pale, gizani, ukipunga kama mwendawazimu, na yule anayekuja hana sababu yoyote ya kukutofautisha na waliochimba.

Wa kwanza tulimsikia dakika nzima kabla ya kumwona. Kisha taa, nyeupe mno, ikiruka juu chini. Nikapunga. Akapunguza. Nadhani ni umati wa huko mbele uliomshtua kuliko mimi, maana mioto ilikuwa inaonekana. Alipanda mwinuko kwa gia ndogo, akauona mtaro, akaukwepa kwa kulia kupita vichakani. Kule chini nikasikia watu wakizomea. Wanamzomea kwa kutoanguka.

Wa pili alikuja dakika kama ishirini baadaye, mbingu ikianza kupauka. Huyu alituona, najua alituona, kwa sababu kichwa kiligeuka. Akaachia mafuta kidogo, si vya kutosha. Nikageuka nikiwa bado nimeinua mikono yote miwili, nikamwona akipaa pale kileleni, akashuka, na gurudumu la mbele likatoweka. Pikipiki ilisimama wima juu ya pua yake. Yeye akaendelea peke yake.

Na chini kule, ile sauti. Watu wanaposhangilia bao sauti huwa inapanda ghafla. Hii ilianza chini, ikawa ndefu, "oooo", na ndani yake mlikuwa na kicheko.

Ile sauti ninaifahamu. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, kwenye njia ya udongo ya kuteremka kutoka Bumbuli. Udongo wa Usambara ukilowa ni sabuni. Tulikuwa wavulana wanne, tukabeba maji kwa madumu, tukayamwaga kwenye kona, tukajificha kwenye migomba. Akaja mzee na baiskeli, nyuma gunia la mapeasi ya kupeleka sokoni. Alipoanguka tulicheka mpaka tumbo likauma. Yale mapeasi yalivyokuwa yanabingirika mteremkoni, mengine yakaingia mtoni! Mjomba wangu alitukamata jioni ileile. Hakutupiga. Alitupeleka kwa yule mzee, tukamkuta amekaa na mguu kwenye beseni la maji ya moto, na mjomba akasema, "Haya, mchekeni." Tukasimama pale. Hakuna aliyeweza.

Kwa hiyo sitaki kuwasimanga wale vijana kama watu wa sayari nyingine.

Tulimkimbilia. Alikuwa amekaa, ameshakaa mwenyewe, na kifua na mabega yake yalikuwa makubwa kupita kiasi, kama amevaa godoro. Koti la hewa. Gereji kwetu nimeyaona yametundikwa ukutani, sikuwahi kuona moja likiwa limevimba juu ya mtu. Lina kifaa kinachohisi kwamba mwili unaanguka na kinafungua gesi kabla hujafika chini. Kwenye mbio za Dakar kila mwenye pikipiki analazimika kulivaa tangu mwaka 2021. Nilimgusa begani kumsaidia, nikakuta pagumu kama mpira wa miguu uliojazwa vizuri, na chini ya ule ugumu nikahisi mtu mzima anatetemeka. Kokoto zilikuwa zimeuchana mfuko wa nje upande wa kushoto, mchano wa urefu wa kiganja, mahali ambapo bila lile koti pangekuwa mfupa wa bega.

Alikuwa mtu mzima, ndevu zina mvi. Kitu cha kwanza alichoniuliza: "Kuna mwingine anakuja nyuma?" Shemeji akaelewa kabla yangu, akarudi juu mbio na tochi.

Pikipiki: mkono wa breki ya mbele umekatika nusu, usukani umepinda, rimu ina denti, spoku mbili zimekwenda. Usukani niliunyoosha kwa kulegeza vibano na kuukanyagia gogo. Spoku nilizizungushia kwenye zilizo jirani ili zisichape. Kipande cha mkono wa breki kilichobaki kilitosha vidole viwili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kuvimba kwenye kifundo. Nilimwambia asubiri daktari. Aliniangalia kama mteja anavyoniangalia nikimwambia injini inataka kufunguliwa, akanywa maji yangu, akaondoka. Hakuwatazama kabisa wale waliokuwa wamekaa kwenye viti.

Tuliokuja na gari moja hakuna aliyeinuka kuja kusaidia. Mmoja aliinuka ili apate pembe nzuri ya picha.

Aliyemaliza mambo alikuwa bibi mmoja wa ranchi ya jirani. Alikuja na pikapu kuukuu, shungi kichwani, mjukuu pembeni, na sufuria ya kahawa, kumbe kila mwaka huwa anawaletea waendeshaji na watu wa timu zao kahawa na mikate bure. Alipouona mtaro alishuka bila kuzima injini. Kihispania changu ni cha kuombea chumvi, lakini kugombezwa na bibi hakuhitaji mkalimani. Kijana mrefu kuliko wote, yule wa simu, alitazama chini. Bibi akamnyang'anya chepe akaanza kufukia mwenyewe. Chepe tatu tu, wakaja wenyewe wakamalizia. Nilipata mikate miwili. Niliuliza. Haina manteca.

Hawa ndio Baja pia, na ningeonea nisingesema. Usiku ule kabla ya shimo tulipita kijiji watu wamewasha mioto kwenye kona mbaya ili waendeshaji waone, wazee wamekaa na madumu ya petroli ya kumwuzia aliyeishiwa. Mchezo huu unapita kwenye ardhi ya watu, barabara za watu, na wengi wanaupokea kama mgeni wa mwaka.

Shimo likafukiwa, jua likachomoza, na hapo ndipo abiria wawili wa gari letu wakaanza kulalamika. Kwamba sasa hakuna cha kuona. Kwamba waliahidiwa patashika. Kiongozi akawaomba radhi. Nasema tena: akawaomba wao radhi. Akawaahidi kwamba malori yakija wataona cha kuwatosha, na kwa kweli malori yalipokuja ardhi ilitikisika mpaka kikombe kikaruka kwenye kishimo chake. Alitusogeza karibu zaidi ili tupate vumbi usoni. Mimi na shemeji tulirudi nyuma hadi juu ya miamba. Mzee mmoja wa gereji kwetu hukataa katakata kusimama kando ya njia ya mbio tangu Agosti 2010, lori lilipoacha njia kwenye mbio za usiku kule Lucerne Valley, jangwa la California, likaua watazamaji 8 waliokuwa wamesimama karibu bila kizuizi chochote. Lori la mbio lina uzito wa tani kadhaa. Dereva akilikosea, kiti chako cha turubai hakitakusaidia.

Kurudi: foleni ya mpakani San Ysidro ilitula muda wa saa tatu na nusu. Hilo si kosa la kampuni, ila wangewaambia watu wabebe chakula.

Niliandika malalamiko siku iliyofuata, kwa urefu, na vipimo vyote vya shimo. Nilitaka mambo matatu: waseme kama wanawalipa wale vijana, waache kuwapeleka watu pale, na pale watakapokwenda wawe na redio ya kusema na si ya kusikiliza tu. Jibu lilikuja baada ya siku sita. Wanasikitika kwamba safari haikukidhi matarajio yangu, na wananipa kuponi ya asilimia 20 kwa safari ijayo. Kuhusu vijana, kimya.

Ukiamua kwenda, na bado nasema mbio zenyewe zinastahili, nenda na mtu atakayekujibu maswali haya bila kujiumauma: tutakaa wapi, umbali gani kutoka njiani, mahali pale pana nini cha kufanya pikipiki ziruke, na nani alikiweka. Au panda mwenyewe basi hadi Ensenada, kaa pale mwanzo mjini uone zikiachiwa, kula samaki, rudi. Itakugharimu chini ya nusu.

Nyota mbili. Moja ya dereva, moja ya redio, ambayo ilikuwa inasikika vizuri.

Wiki iliyopita shemeji kanitumia tangazo lao jipya la mwaka huu. Wametumia picha ya asubuhi ile: pikipiki imesimama juu ya pua, mtu hewani, vumbi limeshika rangi ya jua. Picha nzuri, siwezi kukataa. Juu upande wa kulia, nyuma ya mwinuko, yupo mtu na koti la reflekta, kaonekana kuanzia kiunoni, mikono yote miwili iko juu. Ni mimi. Jamaa wawili kazini wameshaniuliza nilikuwa nashangilia nini. Nimeiandikia kampuni iitoe. Mpaka leo asubuhi bado ipo.